Waliovuka Ruvuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakimbizi Mtwara na Lindi

Maswali haya sikuyatunga mezani. Nimeyaokota kwenye mikutano ya kijiji na kwenye minada ya korosho, na mengine nimenong'onezwa mlangoni usiku na watu waliojifanya wanamuulizia jirani. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea huku Newala. Si wakili, wala si mtumishi wa serikali. Bibi mzaa mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na mimi nililijua hilo nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Nalitaja mapema ili msomaji ajue ninakoegemea.

Mkimbizi ni nani, na mwomba hifadhi ni nani?

Mwomba hifadhi amevuka mpaka, amesema "nikirudi nitakufa", na bado hajajibiwa. Akishakubaliwa ndipo anaitwa mkimbizi. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 imebeba tafsiri mbili. Ya kwanza imetoka kwenye Mkataba wa Kimataifa wa 1951: mtu mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini, utaifa, kundi lake au msimamo wake wa siasa. Ya pili imetoka kwenye Mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969, na kwa sisi wa kusini ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inamhesabu pia aliyekimbia vita na machafuko. Mama aliyetoka Palma, mji wa Msumbiji ng'ambo ya mto, huku nyumba zinawaka hatakiwi kuthibitisha kwamba wavamizi walikuwa wanamtafuta yeye kwa jina.

Na aliyekimbia kimbunga au njaa?

Kwa kimbunga peke yake, sheria haimtambui. Ila nenda taratibu hapo. Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, Aprili 2019, wakati vita vilikuwa vimeshaanza, na watu wengi vimewapitia vyote viwili. Ukimuuliza mtu "nini kilikutoa kwenu?" anaanza na upepo ulioezua paa, maana ndilo jambo la kwanza na halimwumi sana kulisimulia. Anayeandika anaandika "kimbunga", faili linafungwa. Mimi siku hizi nauliza: "Ukirudi leo, utamkuta nani?" Hapo ndipo habari inapoanza.

Watu wa Msumbiji walianza lini kuja huku?

Kabla ya mimi, kabla yako, na kabla ya huo mpaka kuwa na maana kwa mtu wa kawaida. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako kingo zote mbili. Enzi za Mwingereza walivuka kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi na Mikindani, wakaitwa manamba pamoja na wengine. Wengi walikuwa wanakimbia pamba ya kulazimishwa na kazi za shokoa za Mreno. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, mji wa Wamakonde wa ng'ambo. Miaka minne baadaye, 1964, vita vya ukombozi vikaanza na watu wakavuka kwa maelfu.

Hapo ndipo Lindi inapoingia. Rutamba, ambayo leo ukipita unaona kijiji kama vijiji vingine, ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Msumbiji. Walipewa ardhi, wakalima. Nachingwea, iliyokuwa imeachiwa mabaki ya ule mpango wa karanga wa Mwingereza ulioanguka, ikawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na Samora Machel, kiongozi wao, alikaa pale. Sisi nasi tulilipa: Wareno walitega mabomu ya ardhini upande wetu wa mpaka, na pale Naliendele kuna makaburi ya askari wetu. Msumbiji ilipopata uhuru 25 Juni 1975 wengi walirudi. Wengine walikuwa wameshaoa, wameshapanda mikorosho, wakabaki. Vita vya ndani vya Msumbiji, 1977 hadi 1992, vikaleta kundi jingine. Halafu kukawa na utulivu wa miaka ishirini na ushei mpaka 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, na vita vya sasa vikaanza.

Kwa hiyo mtu akikuambia hawa wamekuja juzi, muulize babu yake alikata mkonge shamba gani.

Mtwara na Lindi kuna kambi ya wakimbizi?

Hakuna. Kambi ya Nyarugusu, inayosikika redioni, iko Kasulu mkoani Kigoma, ilianza 1996, na kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Sheria yetu inamtaka mkimbizi aishi eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Sasa mpigie picha mvuvi wa Palma, Mmwani, mtu wa pwani ya Cabo Delgado, anayeelewana na mtu wa Msimbati wa pwani yetu kwa lugha na kwa samaki, umwambie hifadhi yake iko Kasulu. Wengi hawakatai hifadhi, wanaikataa safari. Wanaamua kukaa kwa shangazi, bila karatasi.

Ndiyo maana ukitafuta mahema na foleni ya maharage huku kwetu huoni kitu. Mkimbizi wa huku yuko chumba cha uani kwa ndugu, anaitwa "mgeni wetu" mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu haitwi chochote.

Mwaka 2021 ilitokea nini hasa mpakani?

Palma ilivamiwa 24 Machi 2021. Watu walikimbia kila upande: baharini, porini, wengine kuelekea Ruvuma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitangaza Julai mwaka huo kwamba tangu Januari zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano. Liliwanukuu waliorudishwa wakieleza kuwa walikusanywa kwenye shule, wakahojiwa, na asiyeweza kuthibitisha uraia wa Tanzania akavushwa tena.

Negomano ndiyo ng'ambo ya Mtambaswala, kule Nanyumbu, lilipo Daraja la Umoja lililozinduliwa Mei 2010. Mimi nilishangilia siku lile daraja lilipozinduliwa. Sikufikiria kwamba daraja lina njia mbili.

Kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Tanzania imeuridhia mkataba huo. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Lakini si kweli kwamba wanakuja na magaidi?

Swali hili halistahili kejeli. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kandokando ya Ruvuma, kilivamiwa na watu waliotoka ng'ambo. Wenzetu waliuawa na nyumba zilichomwa. Anayeishi Kitaya akiogopa mtumbwi wa usiku, ana haki ya kuogopa.

Ila angalia nani anakimbia nani. Waliochoma Kitaya ni walewale waliochoma vijiji vya huyu mama anayekuomba maji. (Wenyeji wa Cabo Delgado wanawaita Al-Shabaab, si wale wa Somalia, ni jina tu walilobandikwa.) Na mto haubebi uovu upande mmoja: polisi wetu wenyewe walitangaza 2020 kuwakamata watu waliokuwa wanavuka kwenda kujiunga nao. Kuhoji wanaoingia ni kazi ya vyombo vya dola na ifanyike. Kumhoji mtu, kumsikiliza, halafu kuamua juu yake yeye peke yake, ndiyo kazi hiyo. Kuwajaza watu kwenye lori moja kwa sababu wametoka upande mmoja ni jambo jingine kabisa.

Ndugu yangu amevuka na yuko kwangu. Nimefanya kosa?

Hili ndilo la kunong'onezwa. Jibu linategemea utafanya nini wiki hii.

Sheria ya uhamiaji inakataza kumhifadhi mtu unayejua ameingia bila kibali. Papo hapo Sheria ya Wakimbizi inampa anayeomba hifadhi siku saba tangu aingie ajitokeze kwa ofisa anayehusika, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani (justice of the peace). Mtendaji wa kijiji, si lazima uende mjini! Na Mkataba wa 1951, kifungu cha 31, unasema mkimbizi asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali ikiwa amejitokeza bila kuchelewa na ameeleza sababu.

Kwa hiyo nenda naye. Usimtume peke yake, na usiende wewe peke yako kumsemea. Nenda mchana, mpitie mwenyekiti wa kitongoji kwanza ili asije kusema amerukwa. Aseme kwa kinywa chake neno hili: "naomba hifadhi." Asiposema, ataandikwa kama mtu aliyeingia kinyemela, na kulifuta hilo baadaye ni kazi ya miezi. Andikeni tarehe aliyoingia na jina la mliyemwona. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha.

Je, mkienda hivyo atakuwa salama moja kwa moja? Siwezi kukuapia. Nimewahi kumsindikiza kijana ofisi moja, tukakaa benchi kutwa nzima, jioni tukaambiwa mhusika yuko safari na kwamba "hao wote ni wavuvi tu". Tulirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu aliandikwa. Ila kile kijidaftari kilichoonyesha kwamba tulifika siku ya kwanza ndicho kilichookoa hesabu ya siku saba.

Wanaongea kama sisi, wanakula kama sisi. Sasa shida ya kuzoea iko wapi?

Swali hili huulizwa na watu wema, nami huwa nalijibu kwa hasira kidogo, wanisamehe.

Kweli, wa pwani anaongea Kimwani, na wa Mueda ana Kiswahili alichorithi kwa wazee waliokuwa ukimbizini hukuhuku. Ming'oko, viazi vyetu vya porini, wanaijua. Jando na unyago ni vilevile, na mwanamke wa ng'ambo akiingia uwanja wa unyago anashika wimbo kabla hujamaliza ubeti. Kitenge chake anakiita *capulana*, shamba lake *machamba*. Watoto wanacheka siku mbili, ya tatu wanayasema wao.

Lakini kufanana huku ndiko kunakomfukia. Mrundi wa Nyarugusu akiumwa, anajulikana ni mkimbizi na kuna anayeulizwa habari zake. Huyu wa kwetu hahesabiwi popote, kwa sababu hakuna anayemwona kuwa mgeni, na yeye hataki aonekane. Anajifunza kupunguza lafudhi. Hagombani na mtu, hata akidhulumiwa, maana ugomvi unafika kwa mtendaji, na mtendaji ataomba kitambulisho. Hapa ugeni unaanza siku ya ugomvi.

Mtoto anaandikishwa shule?

Sheria inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, na walimu wakuu wengi niliowaona hawamfukuzi mtoto. Wanaomba cheti cha kuzaliwa, wakikosa wanaomba barua ya mtendaji. Kwa aliyekwisha kuripotiwa, barua si shida. Kwa aliyefichwa, hapo ndipo mzazi anapotunga jina la baba.

Shida ya darasani ni nyingine, nayo inanifurahisha kidogo. Kule shule ni kwa Kireno. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeongea Kiswahili safi anaandika *xule*, *quitabu*, *nhumba*, kwa sababu Kireno ndivyo kinavyoandika sauti zile. Mwalimu anadhani hajui kusoma, anampeleka darasa la pili akae na watoto wa miaka minane. Anakaa wiki, anaona aibu, anaenda kuokota korosho. Mwalimu mmoja wa Tandahimba alimpa mtoto kama huyo orodha ya herufi nne tu za kubadilisha, akamwambia "zingine zote unazijua". Akabaki shule. Orodha hiyo haichukui hata dakika kumi kuiandika.

Kazi wanafanya zipi?

Vibarua. Kupalilia, kufagia chini ya mikorosho kabla ya msimu, kuokota na kutenganisha mabibo, kuchanja kuni, kupara samaki. Mkimbizi kisheria anahitaji kibali cha kazi, na sijamwona kibarua wa shambani mwenye nacho.

Malipo ya kibarua ni maelewano, na asiye na karatasi haelewani, anaambiwa. Wapo wanaokodishiwa mikorosho ya mwenyeji wagawane mavuno. Hapo sasa sikiliza: korosho zinauzwa mnadani kupitia chama cha msingi, na mkulima lazima awe amesajiliwa na malipo yapite benki. Mgeni hana usajili. Basi anazipitisha kwa jina la mwenyeji na kungoja mwenyeji amkumbuke hela zikiingia, au anamuuzia mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, gizani, kwa kipimo kinachojulikana kimejaa hila na bei ya kutupa. Tunawalaani kangomba kila mkutano. Hatujiulizi ni nani hasa hana pengine pa kuuzia.

Ukiwa wewe ndiye mwenyeji mwema unayempitishia, andikianeni kilo mbele ya shahidi. Wema usioandikwa huleta kesi mbaya kuliko za wezi. Nimezisikiliza.

Hospitali je?

Mjamzito aliyeshikwa uchungu anapokelewa. Sijaona zahanati ya huku iliyomuuliza uraia katikati ya uchungu. Kwa magonjwa mengine ni fedha taslimu, kama ilivyo kwa Mtanzania asiye na bima.

Lisilotibiwa ni lile lisiloonekana. Watu wameona ndugu zao wakichinjwa kwa panga. Nimeona mtoto akijificha uvunguni kwa sababu jirani alikuwa ananoa panga la kufyekea, jambo la kila asubuhi huku kwetu. Wenyeji walisema ana mashetani. Ukiwa na mgeni wa namna hiyo, noa panga lako mbali, na mwambie kabla hujaanza.

Anaweza kumiliki shamba?

Hapana. Asiye raia hamiliki ardhi ya kijiji. Analima kwa kuazima, na mwazimaji akifa, warithi huwa hawakumbuki maelewano.

Akioa au akiolewa hapa, si anakuwa raia?

Si hivyo. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Sheria imewatenganisha, na mimi naona ni dhuluma. Huku kwetu, ambako Mmakonde anaoa na kuhamia ukweni bila kuona aibu, sheria hii inawaangukia wanaume wengi.

Njia nyingine ni tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia, inayotaka miaka ya kuishi nchini, mwenendo mwema, Kiswahili au Kiingereza, na ada. Na huwezi kushika uraia wa nchi mbili. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikatieni mapema, lakini mjue cheti na uraia ni vitu viwili.

Nchi hii imewahi kufanya makubwa. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia 1972 walipewa uraia. Kule Chogo, Handeni, walipewa Wasomali wenye asili ya Kizigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka hukohuko Uzigua. Wamerudi kwa babu zao kama wakimbizi na wakapokelewa. Nikiwasimulia habari hiyo wazee wa Kimakonde wa pande hizi huwa wananyamaza kwa muda mrefu.

Kuwaita "Wamawia" kuna ubaya?

Wazee wetu walilitumia kwa Wamakonde wa ng'ambo, wale wa chale usoni na ndonya mdomoni, na halikuwa la heshima. Mtani akimwita mtani wake kilabuni, shauri yao. Usimwite hivyo mgeni anayekuomba kazi.

Wahabeshi wanaokamatwa kwenye malori ni wakimbizi pia?

Wengi wako njiani kwenda Afrika Kusini na hawaombi hifadhi hapa. Lakini asiyeulizwa hawezi kujibu. Atakayesema anaogopa kurudi kwao, siku saba zile ni zake pia.

Kwao kumetulia. Mbona hawarudi?

Majeshi ya Rwanda na ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yaliingia Julai 2021, na watu wengi wamerejea Palma na Mocímboa da Praia. Halafu Mei 2024 Macomia, mji mwingine wa Cabo Delgado, ikavamiwa tena, na Julai mwaka huohuo kikosi cha SADC kikaondoka. Wapo waliorudi wakakuta nyumba, wakapanda muhogo. Wapo waliorudi, wakavuka tena kwetu mara ya pili. Kurejea ni kwa hiari, na mwenye hiari ni yule anayejua nyumba yake ilikuwa wapi na nani amezikwa pale.

Mbona wazee wengine hawasemi walikotoka, hata kwa wajukuu?

Bibi yangu akiulizwa kwao alijibu "Kitangari". Kwa karani wa sensa, Kitangari. Zahanati, Kitangari. Kwetu sisi wajukuu, Kitangari, na alikuwa na hadithi za Kitangari ambazo wenyeji wa Kitangari hawazijui.

Mwaka wake wa mwisho kumbukumbu zilianza kumtoka. Kiswahili kilitangulia kuondoka. Alikuwa akikaa barazani anachambua korosho, na siku moja akaanza kuzihesabu kwa Kireno, *um, dois, três*, kama alivyosikia utotoni pamba yao ikipimwa kwenye mizani ya Mreno. Akifika kumi anarudia mwanzo. Mama alikuwa anapika. Alitoka, akamshika mkono bibi akamwingiza ndani, akafunga mlango, majirani wasisikie.